Wakongwe Watolewe au Wabaki? Hesabu ya Timu ya Besiboli Inayozama

Kila mwaka, Julai inapoelekea ukingoni, mashabiki wa besiboli nchini Marekani hugawanyika. Timu iliyokuwa ikitisha miaka michache nyuma iko mkiani. Ghafla inatangaza kwamba imemtoa mchezaji wake mwenye jina kubwa kuliko wote, yule ambaye jezi yake imejaa majukwaani, na imepokea vijana wawili watatu ambao shabiki wa kawaida hajapata kuwasikia. Nusu ya mji husema klabu imekata tamaa. Nusu nyingine husema imechelewa.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Ada ya uhamisho iko wapi? Kwa nini timu dhaifu ijidhoofishe zaidi? Na mchezaji wa miaka 35, ambaye kila mtu anaona miguu imeanza kumsaliti, anapataje mnunuzi? Makala haya yanaeleza jinsi soko hilo linavyofanya kazi, yanapima hoja za pande zinazobishana, kisha yanatazama klabu moja, Detroit Tigers, iliyowahi kukaa pande zote mbili za meza.

Soko lisilo na ada ya uhamisho

Katika soka, klabu ikimwachia nyota wake hulipwa, na kwa malipo hayo humtafuta mwingine. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, yenye timu 30, haiendi hivyo. Huko mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, na mkataba humfuata kama ulivyo: mshahara uleule, miaka ileile. Fedha huingia kwa mlango wa uani, pale timu inayotoa inapokubali kuendelea kulipa sehemu ya mshahara ili ipewe chipukizi walio bora zaidi. Kinachouzwa na kununuliwa hasa ni muda. Timu inayowania ubingwa hununua miezi michache au misimu miwili ya mkongwe. Timu inayozama hununua miaka ya kijana.

Miaka hiyo ina kipimo. Mchezaji hubaki chini ya himaya ya klabu hadi atimize misimu sita kamili katika ligi kuu. Mwanzoni hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Baadaye mshahara hupanda kwa njia ya usuluhishi. Akishamaliza miaka sita anakuwa huru kwenda kwa yeyote amtakaye. Kwa kuwa wengi huingia ligi kuu wakiwa na miaka 22 hadi 25, uhuru huwakuta wakiukaribia umri wa miaka 30. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo lote: mchezaji hulipwa kidogo akiwa moto, na hulipwa vinono moto unapoanza kufifia.

Kanuni nyingine mbili huamua mengi. Ya kwanza huitwa "kumi na tano", yaani kumi kisha tano: mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Kwa hiyo mkongwe hawezi kupelekwa popote kama furushi. Ya pili ni tarehe ya mwisho. Zamani timu ziliweza kubadilishana hata Agosti kwa utaratibu maalumu. Tangu mwaka 2019 mlango hufungwa mara moja tu, mwishoni mwa Julai au mwanzoni kabisa mwa Agosti. Uamuzi ambao ungehitaji msimu mzima kufikiriwa hubanwa katika siku chache, mbele ya macho ya mji mzima.

Kwa nini timu huzama pamoja na nyota wake

Ni nadra timu kuanguka kwa bahati mbaya tupu. Mara nyingi mbegu za anguko hupandwa siku za sherehe. Philadelphia Phillies ni mfano wa kufundishia. Ilitwaa ubingwa mwaka 2008, ikarudi fainali mwaka 2009, na mwaka 2011 ikashinda mechi 102. Aprili 2010, mpigaji wake hodari Ryan Howard aliongezewa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 125. Mkataba huo haukuwa uanze kufanya kazi hadi mwaka 2012, atakapokuwa na miaka 32. Klabu ilikuwa imelipia kesho kwa kutazama jana.

Kisha Oktoba 2011, akiwa mpigaji wa mwisho katika mechi iliyowatoa mashindanoni, Howard alichanika kano ya kisigino akikimbilia kituo cha kwanza. Mwaka 2012 Phillies ilishinda mechi 81 na kupoteza 81. Mwaka 2013 na 2014 ilipoteza 89 kila msimu, na mwaka 2015 ikapoteza 99. Haikurudi katika hatua ya mtoano hadi mwaka 2022.

Sababu zinajirudia katika klabu nyingi. Ubingwa huzaa shukrani, na shukrani huandikwa kwenye mikataba mirefu. Timu inayoshinda huchagua nyuma ya wenzake katika drafti, yaani uteuzi wa kila mwaka wa vijana, na hutoa chipukizi wake ili kupata msaada wa haraka. Ghala la ligi ndogo, ambako chipukizi hukuzwa, hukauka wakati uleule ambao wakubwa wanachoka. Anguko linapokuja, klabu haina wa kumpandisha wala fedha ya kumwita mgeni. Kumlaumu mkongwe hapo ni kumwonea. Yeye alisaini alichopewa. Lakini kumtetea mkongwe hakujazi ghala.

Hoja ya kwanza: watolewe, na mapema

Wanaotaka mkongwe atolewe husimama juu ya msemo wa wafanyabiashara wetu: biashara asubuhi, jioni hesabu. Branch Rickey, meneja mashuhuri wa karne iliyopita, anakumbukwa kwa kushikilia kwamba ni heri kumwachia mchezaji mwaka mmoja mapema kuliko mwaka mmoja baada ya wakati wake. Thamani ya mkongwe ni kama barafu juani: kila wiki inapungua, na jeraha moja linaweza kuimaliza.

Phillies iliona hilo kwa mrushaji Cliff Lee. Tetesi za kumhamisha zilizunguka kwa muda mrefu, naye akabaki. Tarehe 31 Julai 2014, siku ileile ambayo dirisha la kubadilishana lilikuwa likifungwa, Lee alitoka uwanjani akiwa na maumivu ya kiwiko. Hakurusha tena mpira katika ligi kuu. Siku moja kabla alikuwa mali. Siku moja baadaye alikuwa deni.

Hoja hii ina nguvu nyingine: mnunuzi mwenye njaa hulipa kupita kiasi. Agosti 1987, Detroit ilimtaka Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36, ili ishinde mbio za kitengo chake, yaani kundi lake la timu ndani ya ligi. Alexander alishinda mechi tisa bila kupoteza hata moja, na Detroit ikamaliza kileleni. Lakini kijana wa miaka 20 iliyemtoa kwenda Atlanta alikuwa John Smoltz, ambaye leo yumo katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Mwaka 1990 Boston ilimchukua Larry Andersen, mrushaji wa akiba wa miaka 37, kutoka Houston na kumtoa kijana Jeff Bagwell. Andersen alirusha awamu 22 tu kwa Boston. Bagwell naye yumo katika jumba hilohilo, akiwa na jina la Houston.

Hata mabadilishano yasiyopigiwa tarumbeta huweza kuzaa. Julai 2012 Chicago Cubs, iliyokuwa njiani kupoteza mechi 101, ilitaka kumpeleka Ryan Dempster, miaka 35, Atlanta. Dempster alitumia haki yake ya "kumi na tano", akakataa. Akaishia Texas, na Cubs ikapokea mrushaji wa ligi ndogo ambaye wengi hawakumhesabu: Kyle Hendricks. Miaka minne baadaye Hendricks aliongoza ligi nzima kwa kuruhusu pointi chache, na ndiye aliyeanza mechi ya saba ya fainali ya mwaka 2016, usiku ambao Cubs ilimaliza ukame wa miaka 108.

Udhaifu wa hoja hii umo katika mifano yake yenyewe. Smoltz, Bagwell na Hendricks wanakumbukwa kwa sababu ni wachache; chipukizi wengi wanaobadilishwa hawafiki popote. Tena umri wa kwenye karatasi hudanganya. Desemba 1965 Cincinnati Reds ilimtoa Frank Robinson kwenda Baltimore, uongozi ukieleza kwamba kwa mtu wa miaka 30 alikuwa amekwisha kuzeeka. Msimu uliofuata Robinson aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa homeruni na kwa pointi alizozalisha. Alichaguliwa mchezaji bora na akaipa Baltimore ubingwa wa mwaka 1966. Kumtoa mapema kupita kiasi nako ni kuchelewa kwa namna yake.

Kubomoa ili kujenga hakuna hakika hata pale klabu inapouza ikiwa na bidhaa bora sokoni. Chicago White Sox, kuanzia Desemba 2016, iliwatoa nyota ambao hata hawakuwa wazee. Chris Sale alikuwa na miaka 27 alipokwenda Boston. Kilichopatikana kiliipeleka timu katika hatua ya mtoano mwaka 2020 na 2021, na humo ikashinda mechi mbili tu kwa jumla. Mwaka 2024 ikapoteza mechi 121, idadi kubwa kuliko zote katika zama za kisasa.

Faraja ya kale, kwamba atakayekuwa mkiani atachagua kwanza, nayo imepunguzwa makali. Tangu drafti ya mwaka 2023 nafasi sita za mwanzo hupigiwa kura ya bahati, na kuna mipaka kwa klabu zinazozipata mfululizo. White Sox, pamoja na mechi zake 121 za machozi, ilizuiwa na mipaka hiyo ikachagua wa kumi mwaka 2025.

Hoja ya pili: wabaki

Upande wa pili hujibu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkongwe unamjua, kijana unamkisia. Na timu inayozama Mei si lazima iwe imezama Oktoba.

Ushahidi wao mkubwa ni Washington Nationals ya mwaka 2019. Baada ya mechi 50 ilikuwa imeshinda 19 na kupoteza 31, huku kikosi chake kikiwa miongoni mwa vyenye umri mkubwa zaidi katika ligi. Kama wakuu wangewatoa wazee wao mapema, hakuna ambaye angewashangaa. Hawakuwatoa. Timu ilimaliza na ushindi wa mechi 93 na ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Houston katika mechi saba. Max Scherzer, miaka 35, ndiye aliyeanza mechi ya mwisho. Howie Kendrick, miaka 36, ndiye aliyepiga homeruni iliyoigeuza.

Mfumo wa sasa unaipa hoja hii nguvu kuliko zamani. Tangu mwaka 2022 timu 12 kati ya 30 huingia hatua ya mtoano. Mwaka 2023 Arizona Diamondbacks ilishinda mechi 84 tu, idadi ambayo zamani mara nyingi ingeiacha timu nyumbani, ikafika fainali. Mlango ukiwa mpana hivyo, anayewahi kuondoka huenda akawa anakimbia kivuli chake.

Kisha lipo suala la mji wenyewe. Mashabiki hununua tiketi kwa sababu ya watu, si kwa sababu ya mipango ya miaka mitano. Baba humpeleka mwanawe kumwona yule yule aliyemwona akiwa kijana. Klabu ikiondoa sura zote zinazojulikana, viti hubaki vitupu, mapato hushuka, na fedha iliyokusudiwa kuokolewa kwenye mishahara huvuja kwenye lango. Pia mkongwe huwa mwalimu katika chumba cha wachezaji, ingawa faida hiyo ni vigumu kuipima na ni rahisi kuikuza kwa maneno.

Walakini wa hoja hii ni kwamba hutegemea muujiza mmoja kufunika misiba mingi. Washington yenyewe ilibaki na kikosi kinachozeeka baada ya ubingwa. Mwaka 2020 ilimaliza na ushindi 26 na kupoteza 34, na Julai 2021 ikalazimika kumtoa Scherzer pamoja na Trea Turner kwa Los Angeles Dodgers. Msimu huo ulikwisha kwa kupoteza mechi 97. Ubingwa ulistahili kungojewa. Lakini haukustahili kudhaniwa kuwa desturi. Timu nyingi zinazosema "tusubiri kidogo" hazingojei kama Washington ya mwaka 2019. Zinangojea kama Phillies ya mwaka 2013: hakuna dalili ya kupanda, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Hoja ya tatu: toa baadhi, lipa gharama

Kati ya kubomoa na kung'ang'ania pana njia ya tatu: kumtoa mkongwe, kubeba sehemu kubwa ya mshahara wake, na kurudi kushindana haraka. New York Mets iliionyesha mwaka 2023. Ilianza msimu ikiwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote, ikiwemo ya Scherzer na Justin Verlander, kila mmoja akilipwa zaidi ya dola milioni 43 kwa mwaka. Timu ikakwama. Kabla mlango haujafungwa, Scherzer alipelekwa Texas na Verlander akarudishwa Houston, Mets ikibeba sehemu kubwa ya mishahara yao ili ipate chipukizi wa daraja la juu.

Kwa maneno mengine, tajiri alinunua vijana kwa fedha akipita katika miili ya wazee. Mets ilimaliza ikiwa imepoteza mechi 87, lakini mwaka uliofuata ilikuwa hatua moja kabla ya fainali kuu. Vijana waliopokewa hawakuwa nguzo za mafanikio hayo. Nguzo zilikuwa wachezaji waliobaki na uhuru wa klabu kuendelea kutumia. Njia hii hupunguza uchungu, ila mlango wake hauko wazi kwa kila klabu. Mmiliki wa Mets, Steve Cohen, ni miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa katika michezo. Timu ya mji mdogo ikijaribu kulipa wazee wawili wachezee kwingine, haitabaki na cha kuwalipa waliopo.

Hatari nyingine ni ya nusu kwa nusu. Mshika mbili moja humponyoka: timu inayotoa mmoja, ikabakiza watatu, ikasajili mwingine wa makamo ili kuwatuliza mashabiki, huishia katikati ya msimamo. Hapo haishindi vya kutosha kuingia mtoano, wala haipotezi vya kutosha kupata kijana bora wa drafti.

Detroit: wawili wa mwaka mmoja, njia mbili

Ni mara chache historia hutupa jaribio lililopangika kama lile la Detroit Tigers mwaka 2017. Klabu hiyo ilikuwa imetwaa kitengo chake mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 2011 hadi 2014, na kufika fainali mwaka 2012. Nguzo zake zilikuwa mbili, na wote wawili walizaliwa mwaka 1983. Justin Verlander, mrushaji, alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, na ya mchezaji bora mwaka 2011. Miguel Cabrera, mpigaji, alikuwa mchezaji bora mwaka 2012 na 2013. Mmiliki aliyewapenda na kuwagharamia, Mike Ilitch, alifariki Februari 2017. Miezi michache baadaye timu ilikuwa ikiporomoka.

Verlander alitolewa. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2017, wakati dirisha la Agosti lilikuwa bado lipo, alitumia haki yake ya kukubali au kukataa hadi dakika za mwisho kabla ya saa sita, kisha akakubali kwenda Houston. Kwa Houston alishinda mechi zake zote tano za msimu wa kawaida na kuruhusu wastani wa pointi 1.06 kwa kila awamu tisa. Akawa mchezaji bora wa hatua ya nusu fainali, na akavaa pete ya ubingwa, ingawa ubingwa huo ulikuja kutiwa doa na kashfa ya Houston kuiba ishara za wapinzani. Mwaka 2019 na 2022 alitwaa tena tuzo ya Cy Young, na mwaka 2022 akapata pete ya pili. Wakati mbili kati ya tuzo zake tatu za mrushaji bora zilikuwa bado mbele yake, kwenye karatasi alikuwa mzee wa miaka 34.

Detroit ilipata nini? Vijana watatu. Franklin Perez, aliyehesabiwa kuwa johari ya kapu hilo, aliandamwa na majeraha na hakufika ligi kuu. Daz Cameron alipita tu. Jake Rogers alikuja kuwa mdakaji wa kutegemewa, si nyota.

Cabrera alibaki, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Machi 2014 alikuwa ameongezewa mkataba wa dola milioni 248 ambao ungefika hadi mwaka 2023. Mwaka 2017 wastani wake wa kupiga ulishuka hadi .249, mwaka 2018 msuli wa mkono ulichanika. Kwa mshahara wa dola milioni 30 kwa mwaka, hakuna timu iliyobisha hodi. Timu ilipoteza mechi 98 mwaka 2017, ikapoteza 98 tena mwaka 2018, na 114 mwaka 2019. Mahudhurio yaliyozidi watu milioni 3 mwaka 2013 yalikuwa takriban milioni 1.5 mwaka 2019. Hata hivyo, ni Cabrera huyohuyo aliyeufanya mji usimame Agosti 2021 alipofikisha homeruni 500, na Aprili 2022 alipofikisha mapigo 3,000 mbele ya watu wake. Nyota aliyebaki hakuleta ushindi. Alileta sababu ya kwenda uwanjani katika miaka ambayo hapakuwa na sababu nyingine.

Sasa tazama jinsi Detroit ilivyorudi. Mwaka 2024 iliingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, na katika raundi ya kwanza ikaifungisha virago Houston. Kiongozi wa kikosi cha Detroit, mrushaji Tarik Skubal, hakutoka katika mabadilishano ya Verlander. Alichaguliwa raundi ya tisa ya drafti ya mwaka 2018, mahali ambapo klabu nyingi huokota tu. Riley Greene alichaguliwa wa tano mwaka 2019, baada ya msimu wa kupoteza.

Na Julai ileile ya mwaka 2024, Detroit ilikuwa imemtoa mrushaji wake Jack Flaherty kwa Dodgers, watu wakidhani imekunja mkeka. Kijana Trey Sweeney, aliyekuja kwa sababu ya mabadilishano hayo, ndiye aliyecheza katika kikosi kilichovuka.

Hitimisho la jaribio hili halimpendezi mtu wa upande wowote. Hatima ya Detroit haikuamuliwa na aliyeondoka wala na aliyebaki. Iliamuliwa na kazi ya watafuta vipaji na walimu wa ligi ndogo, waliofanya raundi ya tisa izae mrushaji bora wa ligi.

Kuweka kwenye mizani

Ukiziweka hoja zote pamoja, umri wenyewe unapungua uzito. Robinson akiwa na miaka 30 na Verlander akiwa na miaka 34 waliwaaibisha waliowahesabu wazee. Howard akiwa na miaka 32 alikuwa amekwisha. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni miaka iliyobaki kwenye mkataba. Mkongwe aliyebakiza miezi mitatu kabla ya kuwa huru, katika timu isiyo na matumaini, anapaswa kutolewa karibu kila mara, kwa sababu ataondoka kwa vyovyote. Kuna tahadhari moja: mchezaji aliyehamishwa katikati ya msimu timu mpya haiwezi kumpa ile ofa rasmi ambayo ingeipatia fidia ya nafasi ya drafti akiondoka, kwa hiyo mnunuzi hulipa kwa hesabu hiyo. Mwenye miaka mitano ya mshahara mnono kwa kawaida hatolewi kwa faida; anatolewa kwa kulipiwa.

La pili ni ukweli kuhusu timu yenyewe. Washington ya mwaka 2019 ilikuwa na warushaji walio kileleni na rekodi mbaya, kwa hiyo rekodi ndiyo iliyodanganya. Phillies ya mwaka 2013 ilikuwa na rekodi mbaya na kikosi kibaya. Rekodi ilisema kweli. Kazi ya uongozi ni kutofautisha homa na ugonjwa, na kosa la kawaida ni kuuita ugonjwa homa kwa sababu mgonjwa tunampenda.

La tatu, na zito kuliko yote, ni uwezo wa kupokea. Kumtoa mkongwe ni kununua muda na nafasi, na muda haujengi peke yake. Klabu yenye watafuta vipaji makini hupata Hendricks pale wengine waliona mrushaji wa kawaida. Hata mabadilishano yaliyoonekana kushindwa huweza kufaa mikononi mwa anayepanga. Phillies ilipomtoa Cole Hamels kwenda Texas Julai 2015, hakuna kijana hata mmoja kati ya waliokuja aliyekuwa nguzo ya muda mrefu. Lakini mmoja wao, Jorge Alfaro, alitumika mwaka 2019 kumpata mdakaji J.T. Realmuto, aliyewafikisha fainali mwaka 2022. Klabu isiyo na uwezo huo inaweza kumtoa kila mtu, kama White Sox, na bado ikafika chini zaidi.

Tena mabadilishano ni mlango mmoja tu wa kuingiza vijana. Kuna drafti, na kuna usajili wa kimataifa ambao sasa umefika hadi Afrika Mashariki: Dodgers na Pittsburgh Pirates zimesajili vijana kutoka Uganda. Klabu inayotazama mlango mmoja na kusahau mingine itaona kila mkongwe kuwa ndiye ufunguo wa pekee, na itamwekea bei ya matumaini ambayo hakuna mnunuzi atakayeilipa.

Kwa muhtasari

Wanaotaka wakongwe watolewe wako sahihi juu ya saa: thamani huyeyuka, na anayesubiri uhakika huuza kwa hasara. Wanaotaka wabaki wako sahihi juu ya bahati na watu: msimu ni mrefu, mlango wa mtoano ni mpana, na mji bila sura unazozijua hupoa. Wanaotaka njia ya kati wako sahihi iwapo mfuko unaruhusu na uongozi unajua unachokitaka.

Mizani inaelemea upande wa kumtoa mkongwe pale mkataba wake unapokaribia kwisha, pale kikosi kizima, si rekodi pekee, kinaposhuhudia ugonjwa, na pale klabu inapokuwa na watu wa kuwalea watakaokuja. Sharti la tatu likikosekana, kumtoa nyota hakubadilishi chochote ila jina lililo mgongoni mwa jezi. Kwa hiyo shabiki anayetaka kujua kama klabu yake imefanya vyema mwishoni mwa Julai asiishie kusoma nani ameondoka na nani ameingia. Atazame chini, kwenye timu za ligi ndogo, aone ni wangapi waliopanda kutoka huko katika miaka mitatu iliyopita. Kama ni wachache, hata mabadilishano mazuri kuliko yote hayatawaongeza.